Kukosa akili, kupinga akili na kuwa juu ya akili: mbona tunayahukumu kana kwamba ni jambo moja?

#1 – Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Katika mijadala ya dini, ya siasa na hata ya mapenzi kuna hukumu moja inayotolewa kwa wepesi mno, kwamba jambo fulani haliingii akilini au kwamba mtu fulani hana akili, na mara baada ya kutolewa kila mmoja hufungasha virago vyake akaondoka. Nimeweka uzi huu kwa sababu hukumu hiyo hubeba ndani yake hali ambazo hazifanani hata kidogo. Yupo asiye na akili kwa kuwa hakuumbiwa, kama mbuzi, au kwa kuwa bado haijampevukia, kama mtoto mchanga. Yupo aliyekuwa nayo ikamwondoka kwa maradhi. Yupo aliye nayo timamu, akaona kabisa inapomwelekeza, kisha akapita kwingine. Na yapo mambo ambayo watu husema kwamba yako juu ya akili, yaani akili haiyafikii kwa nguvu zake peke yake ingawa haina sababu ya kuyakataa. Anayezichanganya hali hizi humlaumu asiyelaumika, au humsamehe mwenye kosa, au hufunga mjadala uliokuwa ndio kwanza unaanza.

Mgawanyo wa kwanza ambao naona unatufaa ni wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako anasema kwamba sehemu ya nafsi isiyo na akili nayo ina pande mbili. Upande mmoja ni ule unaoulisha na kuukuza mwili, ambao mimea pia inao. Huo hauna habari kabisa na akili, na ndiyo maana hakuna anayemlaumu mtu kwa jinsi tumbo lake linavyosaga chakula. Upande wa pili ni wa matamanio na hasira. Huo nao hauna akili ya kwake, lakini una uwezo wa kuisikiliza akili na kuitii kama mtoto anavyomtii baba yake, na kwa hiyo una uwezo wa kuikaidi pia. Lawama, nasaha, malezi na adhabu, vyote vinaelekezwa hapo. Sijaona mgawanyo mwingine wa kale unaoeleza vizuri namna hii kwa nini tunamkaripia mlafi na hatumkaripii mwenye kidonda cha tumbo.

Katika kitabu cha saba anamfikia yule anayejua lililo jema na bado akatenda kinyume chake. Socrates, mwanafalsafa aliyemtangulia, alikuwa amekana kwamba mtu wa namna hiyo yupo. Kwake yeye, anayekosea ni asiyejua. Aristotle aliona kauli hiyo inagombana na yale yanayoonekana wazi katika maisha ya watu, lakini hakuitupa yote. Alijibu kwamba mtu aliyetekwa na tamaa anao ujuzi kwa namna ile anayokuwa nao aliyelala au aliyelewa: maneno anayatamka sawasawa, kama mlevi anavyoweza kuzikariri beti za mshairi Empedocles, ila kwa wakati huo maneno hayo hayana nguvu yoyote juu yake. Kila aliyewahi kumsikia mtu akieleza kwa ufasaha madhara ya jambo huku analitenda anajua kwamba maelezo haya yana kitu ndani yake.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1739, aliupindua mpangilio huu wote akasema kwamba akili ni mtumwa wa matamanio. Akili inaweza kuniarifu kwamba maji haya yana sumu, lakini haiwezi kunifanya nitake kuishi. Kwa hiyo tamaa yenyewe, kwa maoni yake, haiwi kinyume cha akili isipokuwa imejengwa juu ya habari za uongo au imechagua njia isiyofikisha inakotaka kwenda. Sifuatani naye hadi mwisho, kwa sababu mtu anayetaka kesho aamke mzima na usiku huu anakunywa kile anachojua fika kwamba kitamlaza hospitalini anapingana na matakwa yake mwenyewe, na upinzani huo akili inauona bila kuazima macho ya tamaa nyingine. Hata hivyo Hume ametukinga na kosa moja la kila siku, nalo ni kumwita mtu hana akili kwa sababu tu anataka tusichokitaka sisi.

Nimalizie na hali ya nne, ambayo ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, katika kitabu cha nne cha insha yake kubwa kuhusu ufahamu wa binadamu, aliyagawa mafundisho katika mafungu matatu: yanayokubaliana na akili, na mfano wake ni kuwapo kwa Mungu mmoja; yanayopinga akili, na mfano wake ni kuwapo kwa miungu zaidi ya mmoja; na yaliyo juu ya akili, na mfano wake ni ufufuo wa wafu. Mifano hiyo mtu anaweza kuibishia, na wako walioibishia, lakini mipaka yenyewe ni imara. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo, alikuwa ameichora mipaka ya namna hiyo katika karne ya 13, aliposema kwamba imani inaweza kuizidi akili lakini haiwezi kupingana na yale ambayo akili imeyajua kwa yakini. Anayeniambia kwamba mraba wenye umbo la duara upo, ila akili yangu ndogo haiufikii, hajanipandisha juu ya akili. Ameniambia maneno mawili yanayofutana.

Karibuni, hasa wenye kujua sheria na elimu ya dini.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi. Naomba niingie kwa yule aliyeondokewa na akili, ambaye wewe umempita kwa haraka, kwa kuwa mahakama haziwezi kumpita kwa haraka hivyo.

Tarehe 20 Januari 1843, jijini London, Daniel M'Naghten, mchonga mbao kutoka Glasgow, alimpiga risasi ya mgongoni Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, na Drummond akafa siku chache baadaye. Inaaminika kwamba aliyekusudiwa alikuwa Peel mwenyewe. M'Naghten alikuwa na yakini kwamba chama cha Peel kinamwandama kila aendako na hakimpi usingizi wala amani. Madaktari walitoa ushahidi, baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, naye akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kelele zilizofuata zililifanya Bunge la Mabwana liwaulize majaji maswali, na majibu yao ya mwaka huohuo ndiyo yaliyokuja kuwa kanuni: kila mtu huchukuliwa kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na anayejitetea kwa wazimu lazima aonyeshe kwamba, wakati wa kutenda, maradhi ya akili yalimfanya asijue anachokitenda au asijue kwamba ni kosa.

Kanuni hiyo tuliirithi. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania inaweka dhana ya utimamu katika kifungu cha 12 na utetezi wa wazimu katika kifungu cha 13. Ya Kenya inafanya hivyohivyo katika vifungu vya 11 na 12. Kifungu kinachofuatia katika kila moja kinahusu ulevi, na ujirani huo una maana yake. Aliyelewa kwa hiari yake hapati mlango ule anaoupata mgonjwa, isipokuwa kwa masharti maalumu, kwa mfano pale alipoleweshwa na mtu mwingine kwa hila bila ridhaa yake. Ukiwatazama wote wawili saa ya tukio, akili haipo kwa huyu wala kwa yule. Sheria inarudi nyuma na kuuliza akili hiyo iliondokaje.

Jambo la pili ambalo wasio wanasheria hulisahau ni kwamba sheria haimgongi mtu muhuri wa maisha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, inasema kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu, lakini mara nyingine huwa nayo, anaweza kufunga mkataba katika kipindi ambacho anayo. Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, nayo ina msingi wa namna hiyo katika hadithi mashuhuri ya watu watatu walioondolewa kalamu, yaani ambao matendo yao hayaandikwi kuwa dhambi: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Angalieni kwamba kila mmoja amewekewa "mpaka" yake.

Ndiyo maana mimi hushangaa mtu anapomwita mpinzani wake kichaa na papo hapo anamlaumu. Kama kweli ni kichaa, lawama imekwisha.

#3 – Mchangiaji wa pili

Sentensi hiyo ya mwisho ya mchangiaji aliyetangulia inanipa ujasiri wa kuleta historia ya hapa kwetu, maana kuna waliofanya hivyo kwa makusudi, na hawakufanya kwa matusi ya barabarani bali kwa vitabu.

Dk. J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi mwaka 1950. Katika makala ya mwaka 1951 aliifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Mwaka uliofuata, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo chanzo cha uasi kinatafutwa katika tabia ya Mkikuyu na katika mtikisiko wa akili yake anapobanwa kati ya mila zilizovunjika na maisha mapya.

Sasa itazameni hoja iliyozikwa. Madai ya Wakikuyu kuhusu ardhi hayakuwa siri wala njozi. Yalikuwa yamepelekwa mbele ya tume ya ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter kuanzia mwaka 1932, yakaandikwa na kuhifadhiwa. Mtu mwenye madai yaliyoandikwa anastahili jibu, hata kama jibu lenyewe ni la kumkatalia. Mgonjwa hahitaji jibu; anahitaji tiba, na tiba anaichagua daktari. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa maradhi ya akili, aliyashambulia maandishi ya Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwa sababu hiyohiyo ya kuligeuza tatizo la ukoloni kuwa kasoro ya ubongo. Na Carothers hakuwa wa kwanza. Mwaka 1851, huko Louisiana, daktari Samuel Cartwright alitunga jina la ugonjwa unaowafanya watumwa watoroke, kana kwamba mtu anahitaji kuugua ndipo achoke kuwa mtumwa.

Kwa hiyo, mleta mada, ningependa tuongeze hali ya tano katika orodha yako: yule ambaye akili anayo, hoja anazo, ila ameondolewa katika kundi la wenye akili na wale wasiotaka kumjibu.

#4 – Mchangiaji wa tatu

Mimi nina pingamizi kuhusu hali ya nne, ya mambo yaliyo juu ya akili. Mleta mada anaifanya akili kuwa bawabu: cha juu kinaruhusiwa kuingia, lakini baada ya akili kukikagua na kuridhika kwamba hakipingani nayo. Ni nani aliyempa bawabu huyu cheo hicho?

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilieleza tatizo hili katika kitabu alichosimulia humo safari yake ya kutafuta yakini. Jicho hukitazama kivuli likakiona kimesimama, kisha baada ya saa moja unajua kwamba kilikuwa kinatembea. Jicho huiona nyota ina ukubwa wa dinari, na hoja za elimu ya vipimo zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Tuliziamini hisia mpaka akili ilipokuja kuzikadhibisha. Basi huenda nyuma ya akili yuko hakimu mwingine ambaye, akijitokeza, ataikadhibisha akili kama akili ilivyozikadhibisha hisia. Na kutojitokeza kwake bado si dalili kwamba hayupo. Hata ndotoni mtu huona mambo na kuyaamini kabisa, akaamka akajua kwamba hayakuwa na msingi. Ghazali anasema shaka hii ilimkaa takriban miezi miwili, na hakutoka humo kwa kupanga hoja bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Ikiwa hivyo ndivyo, mipaka ya Locke na Aquinas ni mipaka iliyochorwa na mshitakiwa mwenyewe.

#5 – Mleta mada

Ndugu yangu, pingamizi lako ni zito na nimelipokea kwa heshima, lakini Ghazali huyohuyo ananisaidia mimi pia.

Katika kitabu chake cha kufafanua majina mazuri ya Mwenyezi Mungu anafika kwenye suala la mawalii na yanayowafunukia, na hapo anaweka mpaka kwa maneno yasiyo na utata: katika daraja ya uwalii haiwezekani kudhihiri jambo ambalo akili imelihukumu kuwa ni muhali, yaani lisilowezekana kabisa, ila inawezekana kudhihiri jambo ambalo akili inashindwa kulifikia peke yake. Anatoa mfano. Walii akifunuliwa kwamba fulani atakufa kesho, hilo akili haikuwa na njia ya kulijua, lakini hailikatai. Akisema kwamba kesho Mungu ataumba mfano wa Nafsi Yake, hilo ni muhali, na asiyetofautisha kati ya muhali na kisichofikiwa na akili, anasema Ghazali, hastahili hata kusemeshwa. Haya yaliandikwa karibu miaka mia sita kabla ya Locke.

Sioni kwamba vitabu hivi viwili vinapingana. Shaka ile ya ndoto inaonyesha kwamba akili haiwezi kujitolea dhamana yenyewe, na hilo nalikubali bila masharti. Kila anayejaribu kuthibitisha kwa hoja kwamba hoja zinaaminika anazunguka palepale. Lakini kutoka hapo haifuati kwamba kinachojipinga kinaweza kuwa kweli mahali pengine. Hata huyo hakimu wa nyuma ya akili, akija kuikadhibisha, itabidi kukadhibisha kwake kuwe tofauti na kusadikisha, na tofauti hiyo ndiyo ileile anayotaka kuivunja. Nadhani ndiyo sababu Ghazali, alipopona shaka yake, hakusema kwamba ameachana na misingi ya lazima ya akili. Alisema kwamba imerudi kuwa yenye kukubalika na kuaminika.

Kuhusu hali ya tano aliyoipendekeza mchangiaji wa pili, naiunga mkono, ila si hali ya huyo mtu. Ni tendo la anayemhukumu, na ni huyo wa kuulizwa.

#6 – Mchangiaji wa nne

Nina swali la upande wa saikolojia. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwapa watu kisa cha ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi moja liliambiwa kwamba mpango wa kwanza utaokoa watu 200, na wa pili una nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote na nafasi mbili kati ya tatu ya kutomwokoa yeyote. Asilimia 72 wakachagua wa kwanza. Kundi lingine lilipewa mipango ileile, ila sasa wa kwanza ukaelezwa kwamba watu 400 watakufa. Asilimia 78 wakaukimbia na kuchagua bahati nasibu. Hesabu ni moja. Hapa hakuna maradhi, hakuna tamaa, hakuna fumbo la imani. Tuwaweke wapi watu hawa?

#7 – Mleta mada

Ningewaweka karibu na wanaopinga akili, lakini siwahesabu kuwa wakaidi, kwa sababu hawakujua kwamba wanajipinga. Herbert Simon, mtafiti wa namna watu wanavyoamua, alikuwa ameeleza mapema kwamba akili ya binadamu hufanya kazi ikiwa na muda mchache, kumbukumbu finyu na habari pungufu, na kwa hiyo hutosheka na lililo la kuridhisha badala ya kutafuta lililo bora kuliko yote. Kipimo changu ni hiki: mweke mtu maelezo yote mawili mezani pamoja. Akisema ngoja nifikiri tena, basi alikuwa na akili yenye mipaka tu. Akisema kwamba anajua ni hesabu moja na bado atachagua tofauti kila mara, hapo ndipo Aristotle angeanza kumwangalia.

Nami nina swali kwa mwanasheria wetu: je, anayeamini mambo ya uongo kwa sababu ya maradhi, ila ndani ya imani hizo anapanga mambo yake kwa mantiki kamili, mahakama humwona hana akili?

#8 – Mchangiaji wa kwanza

Majaji wa mwaka 1843 waliulizwa karibu swali hilohilo, na jibu lao ni la ajabu. Walisema kwamba mtu mwenye imani ya kimaradhi katika jambo moja tu, akiwa timamu katika mengine, apimwe kana kwamba anayoyaamini ni kweli. Akimuua mtu kwa kuamini kwamba anataka kumtoa roho papo hapo, anaweza kusamehewa, kwa kuwa kama ingekuwa kweli angekuwa anajihami. Akimuua kwa kuamini kwamba amemharibia jina na mali, ataadhibiwa, kwa kuwa hata kama ingekuwa kweli, sheria hairuhusu kuua kwa kisasi. Maana yake ni kwamba mgonjwa anatakiwa aongoze mwenendo wake kwa akili timamu ndani ya ulimwengu ambao maradhi ndiyo yameujenga, na wataalamu wa tiba wamelilaumu sharti hili kwa muda mrefu kwa sababu maradhi hayakai katika chumba kimoja cha akili na kuviacha vingine. M'Naghten mwenyewe aliamini kwamba anaandamwa na kuteswa, si kwamba Drummond alikuwa anamwelekezea silaha papo hapo. Kwa hiyo wako wanasheria wanaoshikilia kwamba, kama angepimwa kwa kanuni zinazobeba jina lake, asingeonekana hana hatia.